Makaburi ya mtaa: tukipanda miti na kuweka mabenchi, tunakosea?

Fyekeo_Temeke

Habarini za jioni wakuu. Nina swali na naomba msinirushie mawe kabla hamjamaliza kusoma.

Huku kwetu Temeke kuna makaburi ya zamani, sio makubwa sana, kama viwanja viwili vya mpira hivi, upande wa barabarani Waislamu, upande wa bondeni Wakristo, na katikati kuna kanjia ambako watu wanakatiza kwenda kituo cha daladala. Yamejaa, hawaziki tena pale labda familia yenye eneo lake. Sasa tangu uwanja wa mpira ujengwe fremu za maduka, sehemu pekee yenye miti mtaa mzima ni makaburini. Kuna miembe mitatu mikubwa na mwarobaini mmoja ambao hata bibi yangu anasema aliukuta. Jua la saa nane nyumba za bati hazikaliki, kwahiyo utamkuta mama vitumbua kajibanza kivulini, watoto wanarusha tiara, bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, alafu usiku mateja nao wanashika zamu. (Maembe ya pale ni matamu kuliko ya sokoni, watu wazima wote wanajifanya hawali maembe ya makaburini ila msimu ukifika hayabaki hata yale mabichi.)

Mwezi wa tatu sisi vijana 11 tukasema tufyeke. Tulifyeka Jumamosi nne mfululizo. Jamani tulichokitoa humo ndani... chupa, pampasi, sindano, tairi, misalaba ya chuma iliyong'olewa nusu ikaachwa maana iliwashinda kubeba. Chini ya michongoma tukakuta makaburi sita ambayo hakuna mtu mtaani alikuwa anajua yapo. Moja lina kibao cha saruji, mtu kaandika kwa kidole saruji ikiwa mbichi, jina limefutika imebaki 1961 na alama ya kiganja cha mtoto mdogo. Nimeweka mkono wangu juu yake, vidole vyangu viwili tu vimejaa.

Ndo tukapata wazo la kupanda miti kuzunguka, kutengeneza ile njia vizuri, na kuweka mabenchi manne. Weee, kikao cha mtaa kiliwaka! Mzee mmoja kasema tunataka kugeuza makaburi kuwa gesti bubu. Mama mmoja wa jumuiya kasema marehemu waachwe wapumzike. Barua tumepeleka ofisi inayohusika mara tatu, mara ya mwisho nimeambiwa niandike upya ya kwanza haionekani.

Swali langu, kuna sehemu watu wanapumzika makaburini na maisha yanaenda? Au kweli tunakosea?

mtoto_wa_Tandika

Mi hapo usiku siwezi hata kupita na baiskeli ndugu yangu we unataka kuweka benchi 😂 nani atakalia, marehemu?

Ami_Kikowani

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Mombasa na makaburi yetu ya Kikowani yako katikati ya mji, kwa hivyo kuishi na maiti majirani si jambo geni kwangu.

Mwanangu, kwanza Mungu akulipe kwa kufyeka, hiyo ni sadaka kubwa. Kuzuru makaburi hakuna ubaya, Mtume (SAW) alikataza zamani kisha akaruhusu, akasema yanakumbusha akhera. Na kupanda kitu kibichi pia kuna asili yake, alipita kwenye makaburi mawili akachukua kuti bichi akalipasua vipande viwili akachomeka kila kaburi kipande. Ndiyo maana huku pwani wazee wetu huweka mrehani makaburini. Kwa hivyo miti mimi sina neno.

Neno langu liko kwenye mabenchi. Imekuja katika hadithi kwamba afadhali mtu akalie kaa la moto liunguze nguo mpaka lifike kwenye ngozi kuliko kukaa juu ya kaburi. Wewe utaweka benchi kwa nia njema, kesho mtu atakuja na spika, kesho kutwa mwengine ataleta karai la viazi, mtondo mtakuwa na kibanda cha chipsi na foleni ya watu juu ya maziara. Watu wetu nawajua.

Kaskazi_Nørrebro

Shikamoo Ami. Mimi niko Copenhagen, Denmark, mwaka wa tisa huu, naishi dakika tano kutoka makaburi yanaitwa Assistens, mtaa wa Nørrebro, yapo tangu 1760. Yamezungushiwa ukuta mrefu wa njano na ndani kuna njia ndefu imepangwa miti mirefu ya mipopla pande zote mbili. Mara ya kwanza kuingia ilikuwa Juni, nimetoka zangu kazini nakatiza, nikamkuta mdada kalala kwenye majani na bikini anasoma kitabu, hatua kumi toka kaburi! Niligeuka nikatoka mbio nikijua nimeingia sipo. Siku ile nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia mama hawa watu hawaogopi chochote.

Baadae ndo nikaelewa utaratibu. Makaburi yamegawanywa vipande. Kuna vipande vya zamani ambako hawaziki tena, huko unaweza kukaa, kula, kuota jua. Kuna vipande ambako watu bado wanazika na kulia, huko hakuna anayetandika mkeka, na baiskeli inapita njia kubwa tu. Huoni polisi wala mlinzi, watu wanajuana kwa macho, ukikosea bibi mmoja mwenye ndoo ya maua atakuambia bila kupaza sauti na utaona aibu wiki nzima.

Alafu kitu kingine, kule kaburi hupewi milele. Jeneza miaka kama 20, majivu kama 10 (wengi sana huku wanachomwa), muda ukiisha familia inalipia tena au eneo linarudi. Ndo maana nafasi inapatikana. Yaliyobaki ni ya watu wakubwa wakubwa, Andersen yule wa hadithi za watoto, Kierkegaard mwanafalsafa, Niels Bohr wa fizikia. Na Natasja, yule dada wa dancehall ambaye baba yake Msudani, alifariki kwa ajali ya gari Jamaika 2007, kaburi lake vijana hawaliachi, ukipita kuna maua, kuna mishumaa.

Sisemi mfanye hivyo Temeke, bikini itawaletea vita. Ila ile ya kugawa vipande nadhani inafaa.

mtoto_wa_Tandika

Yaani kaburi la kupanga?? mwenye nyumba anakufuata mpaka huko 💀

MamaWawili_Mbezi

Mimi naongea kama mfiwa. Mama yangu yuko Kinondoni tangu 2016. Nikienda nataka vitu viwili tu, nisiibiwe pochi na nimkute mama yangu yuko vile nilivyomuacha. Mwaka juzi nimekuta taili zimebanduliwa zote, wamekwangua vizuri kabisa kama fundi, wamebakisha moja iliyopasuka. Nililia nikaanza kucheka nikalia tena.

Kwahiyo hao mnaosema marehemu waachwe wapumzike, wanapumzika saa ngapi? Pakiwa hakuna watu ndo wezi wanafanya kazi kwa nafasi. Kaburi la Kanumba yule mwigizaji, palepale Kinondoni, toka 2012 watu wanaenda na wanapiga picha, na mimi nilikuwa nawachukia sana wale watu wa picha ila ukweli siku wakiwepo wengi ndo siku natulia kwa mama hata nusu saa bila kugeuka nyuma.

Ila kwa kweli kama mtaweka hayo mabenchi msiweke yakitazama makaburi ya watu. Sitaki nikiwa naongea na mama yangu mtu ananiangalia huku anakula mhogo.

Jirani_Parklands

Wadau sasa. Mimi niko Nai (Nairobi), hapa Parklands, na hii story inanikumbusha City Park. Kwa wasiojua, hiyo ni park kubwa iko na msitu kabisa ndani ya mji, na ndani yake kuna makaburi ya Wagoa, watu wenye asili ya Goa, India. Pio Gama Pinto amezikwa hapo, yule mwanasiasa alipigwa risasi Februari 1965 kwa gate yake akiwa na msichana wake mdogo kwa gari. Halafu Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, alikufa 1990 na alitaka alale karibu na rafiki yake Pinto, akazikwa nje kidogo tu ya hayo makaburi, ndani ya park yenyewe.

Sasa cheki. Kuna miaka vipande vya City Park viligawiwa watu binafsi kama keki ya birthday, na kaburi la makamu wa rais liko hapo kwa nyasi ndefu watu hata hawajui. Baadaye ikatengenezwa bustani ya kumbukumbu yake, na sanamu za wasanii wa Afrika, ikafunguliwa 2009. Wakazi nao wakajiunga kutetea park. Siku hizi Jumapili ukienda utapata familia zimetandika leso, chapo, ndengu, soda, watoto wanapatia tumbili njugu na tumbili wanapora ndizi kwa mkono yako bila aibu. Na hakuna mtu anakula chapo juu ya kaburi la Pinto! Makaburi iko na ukuta yake na gate, watu wako huku nje wanazunguka. Lakini kwa sababu watu wako hapo, si rahisi mtu aamke asubuhi apate mabati imezungushwa.

Hiyo ndiyo ningekuuliza bro, hati ya hayo makaburi yenu iko wapi? Uwanja wa mpira ulienda. Mnadhani next ni gani?

Fyekeo_Temeke

@Jirani_Parklands umenipiga penyewe. Hati hakuna mtu anajua ilipo. Kuna mtu alishakuja na futi akapima ile kona ya kwenye mwarobaini, tukamuuliza akasema anapima upepo.

Ami shikamoo. Nimesoma ulichoandika mara mbili na naomba nikwambie kitu kwa heshima. Kila Ijumaa kuna bibi anakuja na kidumu cha maji cha lita tano, anamwagilia mrehani wa mumewe. Miguu imevimba. Kutoka kwake mpaka pale anapumzika mara tatu. Akifika hana pa kukaa, kwahiyo anakaa kwenye ukingo wa saruji wa kaburi la jirani, kila Ijumaa, na akishakaa anasema "unisamehe baba fulani" kwa jina la yule marehemu. Mama vitumbua yuko juu ya kaburi. Wale bodaboda wanakula wamekalia makaburi. Watu wanakaa tayari Ami, tena juu ya maziara yenyewe, kwa sababu hakuna kingine cha kukalia pale.

Ami_Kikowani

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika, na sioni haya kusema.

Mwambie huyo bibi Ami wa Mombasa amemuombea. Mwekeeni benchi. Lakini liwe kwenye njia, si baina ya makaburi, na kama alivyosema huyo bint wa Mbezi, uso uelekee njiani. Na chakula kisivuke lango, hilo siliachi.

Msafiri_Maryland

Mkisikia ya huku mtazimia. Washington DC kuna makaburi yanaitwa Congressional, ya 1807, wamezikwa wabunge na wakubwa wa zamani. Yalifika mahali yakatelekezwa, majani kiunoni, wauza unga wamejaa. Unajua nani aliyaokoa? Watu wa mbwa! Majirani waliokuwa wanatembeza mbwa humo walijiunga wakawa na umoja wao, wanalipa ada kila mwaka ili mbwa akimbie bila kamba, na ile ada inakatia majani na kutengeneza mawe. Kuna foleni ya watu kusubiri nafasi. Na 2013 walileta kundi la mbuzi kula magugu yenye sumu pembezoni, mpaka waandishi wa habari wakaja kupiga picha mbuzi.

Ila msiwashangae sana, wenzetu hii walianza kitambo. Miji yao ilikuwa haina bustani za umma, kwahiyo makaburi kama Mount Auburn ya karibu na Boston (1831) na Green-Wood ya Brooklyn (1838) yakatengenezwa na vilima, mabwawa, miti, watu wakawa wanakwenda na magari ya farasi Jumapili kula upepo. Walijaa mpaka watu wa New York wakasema basi na sisi tutengenezewe sehemu kama hii isiyo na wafu ndani, ndo ikaja Central Park. Yaani kwao makaburi ndo kaka mkubwa wa bustani.

Ami_Kikowani

Mbwa hapana.

mtoto_wa_Tandika

Mbuzi tunao tayari, tena wetu hawaitishi waandishi wa habari

BwanaShamba_Kinyerezi

Naingia kama mtu wa bustani, kazi yangu ni hii miaka 17, na kuna vitu naona mnaviruka.

Kwanza miti. Msipande mwembe wala mkungu wala mjohoro ndani ya safu za makaburi, mizizi inanyanyua saruji, nimeona kaburi limeinuka upande mmoja kama kitanda kilichovunjika tendegu. Mti mkubwa uende ukingoni, hatua sita saba toka kaburi la mwisho, na huko ukingoni miti iliyopangwa vizuri ndo itakuwa mpaka wenu, mwenye futi akija tena ang'oe miti watu wanaona. Mwarobaini unafaa, hauombi maji sana ukishashika. Ndani pandeni vitu vifupi, mrehani, asumini, majani ya kawaida yanayokatwa. Na msimwage zege kwenye njia mkaona mmependeza, maji ya mvua yatakosa pa kwenda yatakimbilia bondeni kwa Wakristo na makaburi yao yatatitia. Wekeni kokoto.

Pili, na hii ni ya kufa na kupona, mbu. Makopo ya maua, vyungu, yale mashada ya plastiki yenye kikombe chini, vyote vinashika maji na mbu wa dengue anazaa humo humo kwenye maji safi kidogo, hahitaji dimbwi. Dar tumeugua dengue 2014 tukaugua tena 2019, mimi mwenyewe ya 2019 ilinilaza, mifupa inauma kama umepigwa na mwiko. Kila kopo la maua litobolewe chini au lijazwe mchanga. Maua yanasimama vizuri tu kwenye mchanga wenye unyevu.

Tatu, kama mnataka kuona makaburi yaliyotunzwa hamna haja ya kwenda Copenhagen. Nendeni pale ya vita, barabara ya Bagamoyo, hapahapa Dar. Majani yamekatwa kama zulia. Makaburi 660 ya vita ya kwanza ya dunia yalihamishwa toka Ocean Road mwaka 1968 kupisha barabara wakapelekwa pale, na mpaka leo kila jiwe liko mahali pake kwa sababu kuna tume ya Jumuiya ya Madola ambayo kazi yake tangu 1917 ni hiyo tu, kuna mtu analipwa kila mwezi kukata majani. Huwa nikipita pale nawaza wale wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita hiyohiyo, wale ambao jina lao limebaki Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), wengi hata jiwe hawana, wamebaki sokoni. Lakini nimetoka nje ya mada. Ninachouliza, nyie mkishafyeka nani atafyeka mwezi wa sita? Na wa tisa? Kufyeka mara moja kwenye mvua za Dar ni kama kunyoa ndevu.

Fyekeo_Temeke

Asante sana Bwana Shamba, makopo hata hatukuwaza, na tulikuwa tumeshapata mfuko wa saruji wa msaada kwa ajili ya njia. Basi utaenda kwenye miguu ya mabenchi.

Mrejesho. Jana nimerudi kwenye kikao nikiwa na mambo yenu kichwani. Sikutaja bikini, sikutaja mbwa. Nilianza na bibi wa Ijumaa, nikamwomba aje mwenyewe, akaja, akasema maneno mawili tu, "miguu inauma", akakaa. Yule mzee wa gesti bubu akanyamaza, kumbe marehemu mumewe yule bibi alikuwa fundi wake wa baiskeli. Tumekubaliana hivi, mabenchi mawili sio manne, yote kwenye njia, chakula hakivuki, saa kumi na mbili jioni geti linafungwa (geti lenyewe bado halipo). Mama vitumbua anahamia nje chini ya mwembe wa kwanza na kwa kuwa yupo pale kutwa nzima amepewa ufunguo wa geti ambalo halipo. Kufyeka, kila nyumba kumi kwa mjumbe wao zinashika mwezi mmoja, wa sita ni wa kwetu.

Ya hati bado. Mwenyekiti kasema atafuatilia. Tumechagua watu watatu wa kumfuatilia anayefuatilia.

Yale makaburi sita tumeyachorea alama ya chokaa. Kuna bibi kasema lile la 1961 anadhani anajua ni la nani, anasubiri kaka yake aje kutoka Kilwa athibitishe.

Jumamosi hii saa moja asubuhi tunachimba mashimo ya miarobaini 14. Mwenye sururu aje nayo, majembe yapo matatu tu. Toroli je, nani analo?

mtoto_wa_Tandika

Toroli ninalo ila tairi halina upepo. Saa moja asubuhi kweli mkuu? ngoja nijitahidi. Kukiwa na jua kabisa nakuja